Mwano Katikati ya Ramsa

Jumatatu, 3 Juni

Mazoezi tena ndani ya ghala la ushirika. Liko tupu tangu wanunuzi binafsi waje. Pamba yote sasa inakimbilia kwenye malori yao. Afadhali. Ghala tupu lina mwangwi mzuri na hakuna wa kutufukuza. Popo tu.

Kabla ya mazoezi nawapa waigizaji wangu nusu saa ya historia ya maigizo. Hamisi anasinzia, Masanja anatafuna muwa, Mama Kulwa peke yake ndiye anayesikiliza. Leo Wagiriki. Nimewaeleza walivyokaa mlimani kwa maelfu kutazama, na kwamba mtu akiuawa kwenye mchezo wao hauawi mbele ya watu. Anauawa ndani, halafu tarishi anatoka kuja kusimulia. Masanja akauliza kama watu walitembea safari yote ile kwenda kusikiliza umbea. Nikamtupia chaki. Nikawaambia pia kwamba sanaa hii haikuja kwetu kwa meli. Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya ngoma, wanaposhindana baada ya mavuno, kila upande unavuta watu kwa dawa na nyoka, kama hilo si jukwaa na hadhira ni nini? Hapo hata Hamisi aliamka.

Jumatano, 5 Juni

Kampuni inayonunua pamba upande wa Kasoli imetuajiri. Jumapili tucheze kwenye kituo chao ili wakulima wajae. Nimeandika mchezo wa mwizi wa ng'ombe. Mjane anaibiwa, anapiga kelele, kijiji kinamkamata mwizi, anachapwa, anatoa visingizio vya kijinga hadi watu wanavunjika mbavu. Ni ramsa. Nimewaambia tofauti: kwenye tanzia mkubwa anaanguka na sisi tunalia, kwenye ramsa mjinga anaanguka na sisi tunacheka. Masanja ndiye mwizi. Mama Kulwa mjane.

Somo la majukumu liliishia kwenye ngumi. Nilisema bila msimamizi wa vifaa na maleba hakuna mchezo. Hamisi, mtoto wa mwenye duka, ndiye anashika kazi hiyo. Ameshona marungu ya kitambaa yaliyojazwa pamba, na amechemsha choya kupata damu. Kazi nzuri. Masanja akayaita marungu yale mito ya bibi harusi. Hamisi akampiga nayo, Masanja akajibu kwa ngumi ya kweli. Mdomo wa Hamisi umepasuka. Niliwatenganisha kwa ufagio na niliwachapa wote wawili. Sijutii. Watu wazima wazima.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Mama Kulwa hapigi mwano, ule ukelele wa kuitana penye hatari. Tukifika pale mjane anapogundua zizi liko tupu, anafungua mdomo kidogo na kutoa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Nimemrudisha mara tisa. Mara ya kumi akaketi chini, akasema, "Mwalimu, mwano haupigwi bure."

Najua. Mimi ni mzaliwa wa Kiloleli, sikuzaliwa Ugiriki. Mwano ukipigwa, kila mwanaume anayeusikia anaupokea kwa sauti yake ili wa mbele naye asikie, anachukua silaha, anakimbilia ulikotoka. Asiyekwenda, sungusungu wanamtoza faini. Ndiyo maana nimeshampelekea barua mwenyekiti wa kijiji tutakachochezea, na mtemi wa sungusungu wao nimeongea naye mwenyewe. Kakubali, kacheka, kasema atakaa mbele.

Mama Kulwa akauliza, je, wa kijiji cha ng'ambo ya mto wamepewa barua?

Nikamwambia tunacheza kijiji kimoja, si wilaya nzima. Nikamwambia mwongozaji ni mimi. Kama hataki, wapo wanawake wengine Bariadi wenye koo. Akainuka, akapiga. Mungu wangu, sauti ile! Popo wote walitoka ghalani. Nilifurahi sana.

Jumapili, 9 Juni

Hospitali. Naandika kwenye benchi la nje. Nisipoandika sasa nitaanza kujidanganya.

Sitaandika majina ya vijiji.

Tulianza saa tisa mchana. Watu walijaa kuliko nilivyoota, wamekaa juu ya marobota, juu ya lori, juu ya miti. Mtemi wao mbele kabisa kama alivyoahidi. Mama Kulwa alipopiga mwano, hadhira ikaupokea. Wote. Hawakuweza kujizuia, wamefundishwa hivyo tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Watu mia kadhaa wanapiga mwano kwa furaha huku wanacheka. Nilisimama pembeni nikiwa na mswada mkononi na machozi yalinitoka. Niliwaza: hii ndiyo niliyoisoma, hii ndiyo ile ya mlimani.

Masanja akakamatwa, akafungwa kamba, akalazwa chini. Marungu ya Hamisi yakaanza kazi. Visingizio vyake viliwaua watu kwa kicheko.

Ndipo wakaja wa ng'ambo ya mto. Labda wanaume thelathini, wameloa hadi kiunoni, pinde, mapanga, marungu ya mpingo. Wamekimbia njia nzima kwa sababu wamesikia mwano wa kijiji kizima. Wakakuta mwizi amefungwa chini na watu wanampiga. Hawakuuliza. Nani angeuliza? Walipita katikati ya hadhira na kuanza kupiga.

Nilikuwa hatua kumi tu.

Niandike. Niliona damu nikadhani choya. Nilisikia anavyolia nikasema moyoni, hatimaye, hatimaye Masanja anaigiza. Yeye mwenyewe mwanzoni aliendelea na maneno ya mchezo, ng'ombe huyu alinifuata mwenyewe wazee wangu, na watu wakazidi kucheka. Nilipiga makofi. Mswada ulianguka na nilipiga makofi.

Aliyejua ni Hamisi. Aliyahesabu marungu yake na kuona yale si yake. Alijirusha juu ya Masanja na wamemvunja mkono. Mama Kulwa naye alijitupa juu yao akilia kwamba ni mchezo, wakamvuta kwa nywele na kumtupa pembeni, maana mke wa mwizi husema lolote. Mtemi wa pale alisimama akipunga mikono. Hakuna aliyemsikia. Mimi nilifika wakati panga limeshashuka mara ya pili, na hapo ndipo walipoelewa wakaacha.

Tulimlaza kwenye lori la kampuni, juu ya pamba ghafi. Dereva akalalamika kwamba pamba yenye damu itashushwa daraja, itanunuliwa kama fifi. Nilimpiga kofi. Nikampiga la pili. Akaendesha.

Jumatatu, 10 Juni

Anapumua. Kichwa kimefura, jicho la kushoto halipo. Daktari haniangalii usoni anapozungumza.

Nawachukia. Nawachukia wanaume wale mmoja mmoja na natamani mto ungewabeba.

Jumanne, 11 Juni

Wamekuja wa ng'ambo ya mto. Watano, na mtemi wao, mzee mfupi mwenye viatu vya matairi. Walisimama mlangoni mwa wodi, silaha wameacha nyumbani. Mzee akanisalimia kama mama: "Mwangaluka, mayu." Sikuitikia. Nilimwita muuaji mbele ya wagonjwa. Nilimshika shati, nikararua vifungo. Alisubiri nimalize.

Kisha akasema, "Tulisikia mwano. Ulitaka tusije?"

Niliinama nikaokota vifungo vyake.

Polisi nao walifika kuandika maelezo. Mama Kulwa, shavu limevimba, akawaambia kosa ni lake, yeye ndiye aliyepiga. Nilikuwepo. Nilinyamaza. Mwoga mimi. Nimewahi kumtukana mtu kwa kusahau mstari mmoja, na leo nimeficha mambo yote.

Alhamisi, 13 Juni

Masanja amefariki alfajiri.

Nilikwenda kituo cha polisi na kumweleza afisa yote. Barua niliandikia kijiji kimoja tu. Mama Kulwa alinionya, nikamlazimisha. Afisa aliandika taratibu kwa kalamu mbovu. Aliuliza mwongozaji ni kazi gani hasa. Nikamwambia ni mtu ambaye kila kinachotokea jukwaani ni chake. Akaandika na hilo pia.

Ijumaa, 14 Juni

Maziko Lalago, kwao. Kaka zake walitaka kwenda kuchoma nyumba za ng'ambo ya mto, na mmoja alinitazama akiwa na jembe mkononi. Hamisi alisimama kati yetu na mkono wake wenye plasta. Hamisi, ambaye wiki jana walipasuana midomo. Sikuogopa. Angenipiga nalo ningeona sawa.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda Lalago peke yangu. Mama yake Masanja alikuwa uani anamenya karanga. Nilisalimia, akaniwekea kigoda.

Nilimweleza kila kitu, hata makofi. Hasa makofi. Nilisema niliona mwanao anauawa nikadhani anaigiza vizuri. Sikulia. Niliona sina haki ya kulia pale.

Vidole vyake viliendelea kumenya. Alikuwa hajui sawasawa mwanawe alikuwa anafanya kazi gani mjini. Alijua ni mambo ya kuchekesha watu.

Akaniuliza, akiniita mwanawe, "Siku zingine, ng'wanone, ile kazi alikuwa anaiweza?"

Nikamwambia aliiweza. Nikamwambia jinsi alivyokuwa akitembea kama mwizi, mabega juu, na jinsi watu walivyoanza kucheka kabla hajasema neno.

"Sijawahi kumwona," akasema.

Akasogeza ungo katikati yetu. Nilimenya naye hadi karanga zikaisha. Kisha akainuka kwenda kunywesha mbuzi maji, na mimi nikaenda kusubiri gari.