Wiki Nne za Chumvi

Jumatatu, 3 Februari

Vipande viwili vya barafu, visahani viwili. Kimoja nimekitia chumvi, kingine bila chumvi. Nuru, mwanangu, kashika saa ya jikoni, anaandika dakika. Cha chumvi kiliyeyuka kwanza. Namba anaziandika vizuri, maneno hataki. Kasema mkono unamuuma. Nikaandika mimi.

Hii ni mada ya tatu tangu nimtoe shule mwezi wa kumi na moja. Nimechagua chumvi kwa sababu humu Toronto majira haya ya baridi humwagwa kuyeyusha barafu, iko kila mahali: barabarani, kwenye ngazi za jengo, kwenye viatu vyetu mlangoni. Wiki nne. Sayansi chumvi, hesabu chumvi, historia chumvi. Kijitabu cha kusoma natunga mwenyewe, kurasa kumi na mbili za Kiswahili.

Alhamisi, 6 Februari

Leo tumepima chumvi kwenye mizani. Robo kilo, nusu kilo. Kaelewa haraka.

Halafu yule mwalimu wake wa shule aniambie mtoto wa miaka minane anasoma kama wa darasa la kwanza, apelekwe akapimwe. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nyumbani anatusomea hadithi bila kukwama. Juzuu Amma anaijua nusu nzima kwa moyo. Nikajiambia wameona mtandio, wamesikia Kiingereza changu cha kuokoteza, basi, wakamalizia wenyewe.

Baba Nuru alikubali kwa sharti moja. Tujaribu mpaka likizo ya Machi. Kama hakuna tofauti, anarudi shule. Yeye anatoka kazini ghalani amechoka, habishani. Ila akishasema kasema.

Sitaki arudi kule.

Jumapili, 9 Februari

Wifi Zuhura kapiga simu. Dada yake Baba Nuru, yuko Richmond Hill, nje kidogo ya Toronto, watoto wake wote wanasoma shule za maana. Neno la kwanza: "Mwalimu mkuu hajambo? Shule ya sebuleni imefungua leo?" Nikacheka, lakini lilinichoma.

Anatualika tarehe 23, kuvunja jungu kabla ya mfungo. Na mimi mdomo wangu huu! Nikamwambia Nuru atawasomea watu kijitabu chake siku hiyo, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Kijitabu kimekwisha. Ukurasa wa sita ndio naupenda: chemchemi za Uvinza, watu wanachemsha maji ya chumvi kwenye vyungu, wanabeba mizigo kwa miguu siku nyingi.

Kila ukurasa nasoma mimi kwanza, mara tatu, kidole chini ya maneno. Yeye anafuatisha. Ndivyo nilivyosomeshwa mimi kwenye chuo cha Kurani Tanga, mwalimu anatangulia, sisi tunaitikia. Kesho yake anasoma peke yake, moja kwa moja, hata koma anaiheshimu. Mashallah. Yule mwalimu angekuwepo angeona haya.

Jumatatu, 17 Februari

Theluji mpaka magotini. Tumeshuka kuangalia gari la chumvi likipita. Mlangoni kuna gunia la chumvi limeandikwa ubavuni. Nikamwambia asome. Akasema anasikia baridi, twende ndani. Nikamwita mvivu.

Usiku nikajuta kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 21 Februari

Maktaba, kuchapisha nakala nzuri ya rangi kwa ajili ya Jumapili. Foleni ndefu, dakika zangu za kompyuta zinakwisha. Nimechapa, nimebana pini, tumekimbilia basi. Nuru kasoma chote mara mbili leo kutoka nakala ya zamani. Yuko tayari.

Jumapili, 23 Februari

Watu kama ishirini. Pilau, mkate wa kumimina, kaimati. Baada ya kula wifi akanyamazisha sebule.

Nuru kasimama kati, mimi pembeni yake nikifungua kurasa. Sauti safi. Hata vijana waliacha simu. Watoto wao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na huyu anasoma.

Nikafungua ukurasa wa sita. Haukuwa wa sita. Ulikuwa wa tano tena. Nimeuchapa mara mbili, wa sita nimeusahau. Nikajua sasa atakwama.

Hakukwama. Kausoma wa sita wote. Uvinza, vyungu, mizigo. Kidole kinapita taratibu chini ya maneno ya ukurasa wa tano, na mdomo unasema ya ukurasa ambao haupo.

Wakapiga makofi. Vigelegele. Wifi kanikumbatia: "Nimekubali, wifi. Umenifunga mdomo." Baba Nuru alikuwa anatabasamu, na huyo si mtu wa kutabasamu mbele za watu. Nimerudi nyumbani nimebeba sahani ya kaimati, sikuonja hata moja.

Jumatatu, 24 Februari

Nimefua. Nimepika. Somo la chumvi hatukuligusa. Sijamwambia mtu.

Ningeweza nisiseme. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 25 Februari

Nimeandika maneno matatu kwenye vikaratasi: chumvi, maji, moto. Nikampa kimoja. Hakutazama karatasi. Alitazama uso wangu.

Akabahatisha. Nikampa kingine. Akabahatisha tena, halafu akaanza kulia bila sauti. Akasema, kwa Kiingereza kama anavyofanya akiumia, kwamba anasikiliza tu na kushika, kule shule pia, na alidhani wote wanafanya hivyo.

Miezi mitatu nimekaa naye meza moja. Mama gani mimi?

Jumatano, 26 Februari

Nimemwambia Baba Nuru alipotoka kazini, kabla hajavua koti. Yote, hata ukurasa wa sita. Mficha maradhi kilio humuumbua. Akaketi na koti lake mwilini. Halafu akauliza kama mwalimu alisema wa kupima ni nani. Hilo tu.

Nikampigia na wifi, kabla ujasiri haujaniishia. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 27 Februari

Nimekwenda shuleni. Nilimwomba mwalimu radhi, Kiingereza kikaniishia katikati. Hakunisimanga. Kaandika jina la Nuru kwa ajili ya kipimo. Atarudi darasani baada ya likizo ya Machi. Asubuhi hizi zilizobaki tutasoma herufi, mimi na yeye, polepole.

Bado nina hasira, ila sijui tena ni ya nani.

Ijumaa, 28 Februari

Mwezi unatafutwa leo. Nimeloweka choroko.

Mchana nilimweleza Nuru. Kwamba sijamkasirikia. Kwamba kuna watu kazi yao ni kufundisha watoto ambao herufi zinawasumbua. Kwamba hatasoma tena mbele ya watu mpaka atake mwenyewe.

Akauliza kama kile kijitabu cha chumvi anaweza kukiacha sasa, kitoke kichwani. Nikasema ndiyo. Akauliza, na kile cha nyuki? Na cha mkate? Zile mada mbili za mwanzo. Kumbe bado alikuwa amezishika zote, neno kwa neno, isije siku nikamwuliza.

Nikamwambia aache zote. Akajilaza kwenye kochi, viatu miguuni, akalala mpaka alasiri. Sikumwamsha.