Makombe Yaliyosuguliwa

Kambi ya Wachimbaji,
Bondeni, Newala.
18 Agosti, 2023.

Mpendwa Shangazi Evelina,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na huko Makete baridi imepungua? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na kazi imenitia kinyaa.

Tunachimba makombe yaliyogeuka mawe, Shangazi. Yamejikunja kama konokono, mengine makubwa kama ungo. Ni ya wanyama wa bahari waliokwisha wote kabla hajazaliwa mtu, wanaitwa amonaiti. Mama Claudia, mtaalamu wetu, huyatenga kwa umbo: manene huku, bapa kule. Yakifanana umbo, hutazama mistari myembamba mgongoni, alama za jinsi kombe lilivyokua. Mengine mistari imenyooka, mengine imepinda. Hapo ndipo anajua hili ni la aina gani.

Basi alipokwenda Masasi alimwachia kazi msimamizi, Mzee Dunstan. Huyu maisha yake yote amepanga korosho ghalani. Akayapanga makombe kama korosho: makubwa daraja la kwanza, madogo la pili, yaliyovunjika tupa. Kisha akamletea brashi ya waya Stamili, binti kutoka Chiwata anayeosha mawe. Binti akamwambia mistari inafutika. Akajibiwa, "Sugua wewe! Korosho chafu umeona nani ananunua?"

Mama Claudia aliporudi alishika kombe, akapitisha ukucha. Laini kama sahani. "Nani kafanya hivi?"

Dunstan hata hakumeza mate. "Huyu Stamili, mama. Nilimkataza, kichwa kigumu. Mfukuze tu."

Mzee wa mvi, kanisani anakaa mbele, anamsingizia mtoto wa watu! Nikasema, "Muongo. Brashi umeleta mwenyewe." Wenzangu wakatazama chini, mpaka Majaliwa, ninayelala naye hema moja, akasema, "Kweli, mama. Sote tumeona."

Stamili amebaki kazini. Dunstan naye kabaki, maana shamba tunalochimba ni la ukoo wake. Mama Claudia kamwomba Stamili radhi. Siku hizi nakula mbali na huyo mzee, chakula kisinikwame.

Asubuhi iliyofuata kisa hicho Stamili alitupa shikamoo mmoja mmoja, wote tuliomzidi umri. Alipofika kwa Dunstan, mzee keshafungua mdomo aitikie marahaba, binti akapita kimya, akainamia ndoo yake. Huku, Shangazi, hilo linauma kuliko kofi. Mdomo wa mzee ulibaki wazi.

Nisalimie Baba Gregory na Dina. Mungu awafunike vizuri na baridi hiyo.

Mwanao akupendaye,
Gideoni