Ufunguo wa Ghorofa ya Tatu

Kibokoni, Mji wa Kale
Mombasa

Mpenzi Mama Wakesho,

Natumai barua hii inakukuta mzima wewe na watoto, na kile kikohozi cha Wakesho kimekwisha. Mimi sina ugonjwa ila hasira. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningefoka na watoto wakasikia.

Usifunge mizigo. Ile nyumba ya ghorofa ya tatu ambayo tajiri wangu alinipa ufunguo wake ili mje tuishi pamoja, hatuhamii.

Unajua nilipoajiriwa jengo lilikuwa limeshasimama, nami mhandisi nikaitwa kusimamia umaliziaji tu. Wiki iliyopita mafundi wa bomba walichimbua nguzo moja ya chini, nikaona ringi za chuma zilizomo ndani. Ringi huzunguka vile vyuma virefu vya nguzo, na ncha zake hukunjwa ziingie ndani kabisa. Ardhi ikitikisika, zege hata ikipasuka, ringi haziachii, na watu hupata nafasi ya kutoka. Hizi zimekunjwa nusunusu, na zimeachana mno. Nikamwambia tajiri. Akacheka.

"Wewe Mwakio, matetemeko ni mambo ya bara. Kisiwa hichi hakitetemeki, yakhe."

Kana kwamba kisiwa kimeandikiana mkataba na Mungu!

Basi Alhamisi ya wiki hiyohiyo, alasiri, akiwa ghorofa ya pili anawasifia wapangaji marumaru za chooni, ardhi ikatikisika. Kidogo tu, madirisha yakalialia, basi. Huko Wundanyi mlilisikia? Wa kwanza kufika barabarani alikuwa yeye. Aliwapita wageni wake ngazini, na kitambi chake kile, kubadhi moja akaliacha juu. Hakuthubutu kulirudia. Alimtuma mlinzi.

Pumzi zilipomrudia akasema, "Lori la kontena hilo, latoka Shimanzi."

Lori la Shimanzi, Kibokoni! Kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa kubembelezwa. Sijawahi kumdharau mtu hivyo. Niliona haya mimi badala yake.

Nikamwambia nguzo zote za chini zifungwe upya kwa chuma na zege kabla mtu yeyote hajahamia. Akasema wapangaji wakiona nguzo zavunjwa watakimbia. Nikamuuliza, "Na watu wako, tajiri, wahamia lini?"

Akanitazama kana kwamba mimi ni mpumbavu. "Wangu wakaa Nyali. Nyumba ya chini, si ghorofa."

Alilisema hilo bila kupepesa macho. Nikamrudishia ufunguo wake, na kazi yake pia. Kesho asubuhi naenda kwa wakaguzi wa majengo, na wakitaka nitawapeleka mpaka kwenye nguzo ile wajionee.

Najua umengoja siku nyingi, na watoto wameshaaga wenzao shuleni. Inaniuma sana, mke wangu. Ukitaka kunilaumu, nilaumu. Ila unilaumu ukiwa chini ya bati letu, na watoto wamelala salama.

Mama mkwe msalimie sana, na umwambie ule mto wa sufi aliotushonea kwa ajili ya Mombasa auweke kwanza. Jirani yetu anayekuchungia mbuzi naye nampa salamu. Na shemeji, ndugu yako aliyeahidi pikapu ya kuleta vitanda, mwambie asije nayo huku. Aje nayo stesheni ya Voi Jumamosi, kunipokea mimi.

Mumeo, asiye na kazi,
Baba Wakesho