Sitafungua Fundo Hata Moja

Mama yangu uliyetangulia,

Nakuandikia nimekaa juu ya debe la unga, kwa sababu viti vyote nimeshavifunga, nikavifungua, nikavifunga tena. Vibuyu vya maziwa ni vivyo hivyo. Tangu Jumatatu nimevitia kwenye gunia mara tatu, na kila mara nakumbuka kitu, navitoa vyote nje, halafu nasahau nilikuwa natafuta nini. Ungenicheka. Ungesema, "Wewe mtoto, umekalia siafu?" Nimewakalia, Mama. Leo ni Alhamisi, na siku zote hizi chai yangu inapoa kabla sijaimaliza.

Tunahama. Baba Habiba, mkweo, amejenga nyumba Garsen. Ni ya matofali ya simiti na mabati ya bluu, vyumba viwili na baraza. Sitaki kumsingizia, sababu anazo. Maji ya mto yametuingia humu ndani mara mbili tangu ulipotuacha. Ng'ombe wachache waliobaki baada ya ukame wako na nduguye, mbali na hapa. Na Habiba, mjukuu wako, yuko kidato cha pili kule Garsen, analala kwa watu na kula wanapopenda wao. Kwa hiyo kuhama kwenyewe si neno. Wewe ulinilea kwa kuhama. Neno ni kwamba ile nyumba si yangu. Ploti imeandikwa jina lake peke yake, na mimi nikiingia mle nitakuwa nimeingia nyumbani kwa mwanamume. Sijui mwanamke mwingine wa ukoo wetu aliyewahi kufanya hivyo, kuanzia bibi yako hadi kwako.

Nafikiria sana ile safari tuliyohama kwenda kufuata majani, mimi nikiwa bado sijang'oka meno ya mbele. Baba alikuja jioni akasema, "Kesho kutwa tunahama." Ulimaliza chai yako, ukafunga kilemba, na alfajiri ukaenda kwa miguu kupaangalia mahali penyewe. Ulirudi jua limeshapanda ukamwambia, "Pale ulipopachagua pana mchwa. Nyumba nitaiweka juu kidogo." Baba akatikisa kichwa tu. Yeye alichagua malisho, wewe ukachagua nyumba itakaa wapi. Hakuna aliyeona ajabu.

Halafu ukaanza kuifungua nyumba yetu ya miti na mikeka, tuhame nayo. Uliondoa nyasi kwanza, kisha mikeka, kisha ile miti iliyopindwa, mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupokea kamba na kuzizungushia mkononi. Fundo moja lilinishinda, nikachukua kisu. Ulinipiga kofi la mkono, si kali, lakini nililia kwa aibu. "Kamba haikatwi," ulisema. "Anayekata kamba ni mtu asiyetaka kujenga tena." Ulikaa chini ukalilegeza lile fundo kwa kucha mpaka likaachia. Punda watatu walibeba nyumba nzima. Baba na kaka zangu walikuwa mbele na ng'ombe, na hakuna hata mmoja wao aliyegusa kamba. Mwanamume wa kwetu hagusi fundo la nyumba ya mwanamke. Nyumba ni yako. Yeye ana zizi.

Na ile siku ya mtamba, je? Sasa naweza kukuambia kwamba sikuwa nimelala, nilisikia yote. Baba alimpa rafiki yake mtamba mwekundu bila kukuuliza, naye ndiye uliyekuwa ukimngoja azae upate maziwa. Hukupiga kelele. Ulichukua mkeka wa Baba ukautandaza nje, karibu na zizi, ukarudi ndani ukaendelea kupika. Alilala huko nje siku tano. Siku ya sita alikuja na sukari na majani ya chai, akasimama mlangoni anakohoa kama mtu mwenye kifua. Ulimwacha akohoe. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyekucheka wewe, walimcheka yeye. Mimi nilikua nikijua jambo hilo kama nilivyojua kwamba kunyonya ni kwa mama: mkigombana, anayetoka ni mwanamume.

Sasa nikuulize, kule Garsen atatoka nani?

Zeinab unamkumbuka, yule tuliyekua naye, aliyekuwa akija kwako kuomba moto. Yeye alitangulia kuhamia mjini. Nyumba yake ya miti aliigawa, akasema ya nini tena, nina ukuta. Walipogombana na mumewe alitoka yeye, na watoto wawili, na sufuria moja. Nilimkuta kituoni akisubiri gari la kwenda kwa kaka yake. Hakulia. Aliniambia, "Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nje ni kwangu na ndani ni kwake." Maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo.

Watu wanaisifia nyumba ya Baba Habiba kwa mlango wake wa chuma. Nawajibu nyumba njema si mlango, wanadhani nina wivu au nina kichaa.

Nilimwambia mapema, Mama, usidhani nilinyamaza. Simiti ilikuwa haijakauka. Nilimwekea chai, nikangoja anywe, nikasema, "Baba Habiba, niandike kwenye karatasi ya ploti." Akaniangalia kama nimemwomba meno yake. Akasema, "Nimekujengea nyumba, sasa jina la nini?" Nikasema, "Umejijengea. Hii ninayokaa mimi nimejijengea mwenyewe." Akasema nimeharibiwa na redio. Si mtu mbaya, wewe unamjua. Wakati wa mafuriko alimbeba Habiba mabegani nusu siku. Lakini jambo la jina aliliacha, na akiacha jambo analiacha kwa kunyamaza, siku nenda siku rudi, mpaka mwenzake achoke. Mimi sikuchoka. Nilimwambia mara moja zaidi, kwa upole: "Bila karatasi, sitafungua fundo hata moja." Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Jumatatu lori likaja. Dereva ni Mgiriama anaitwa Kazungu, mtu wa heshima, ana haraka kama madereva wote. Baba Habiba alishuka naye, amevaa shati jipya. Vyombo vilikuwa tayari nje: magunia, masufuria, debe, kitanda. Nyumba ilikuwa imesimama vilevile, na nyasi zake, na mikeka yake, na mimi nimekaa mlangoni nimekunja miguu.

"Mama Habiba," akasema, "mbona hujafungua?"

Nilikuwa nakutafuta wewe kwenye ulimi wangu, nikakukosa.

Kazungu naye, kwa wema wake, akasema, "Mama amechoka. Wacha tumsaidie, mzee." Akazunguka nyuma, akashika kamba ya mkeka, akaanza kuivuta. Na hapo, Mama, natamani ungekuwepo. Mkweo alimrukia. Alimshika mkono yule dereva akamwambia, "Wacha, wacha. Hiyo si yangu." Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, sikumlazimisha. Mimi pale nilipokaa nikamuuliza, "Na ile ya Garsen?"

Kazungu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaenda kuangalia tairi ambazo hazikuwa na shida yoyote. Mwishowe Baba Habiba alipanda lori, likaondoka tupu. Wanawake wenzangu wa kijijini walikuwa wamejaa kwenye vivuli wanaangalia. Mmoja aliniletea maziwa. Mwingine alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba mwanamke anayekataa nyumba ya mabati atatafuta hata ya makuti aikose. Labda ni kweli. Usidhani sikuogopa.

Jumanne akapiga simu. Hakusalimia. "Nisomee namba ya kitambulisho chako," akasema. Sikuuliza ya nini. Nilikitoa kwenye kitambaa ninachofungia hirizi ya Habiba ya utotoni, nikaisoma mara mbili, polepole, na mara ya pili nikakatiza nikajifanya nakohoa. Akakata. Tangu hapo kimya. Jana kimya. Ndiyo maana nakuambia nafunga na kufungua magunia. Kila pikipiki inayopita kule barabarani nasimama. Ikiwa namba ile haitaleta jina langu kwenye karatasi, nimemwaibisha mume wangu mbele ya watu bure, na Habiba ataendelea kulala kwa watu kwa sababu ya ukaidi wa mama yake. Nilimpigia jana mwanangu nimweleze. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa tu, Mama. Nitavumilia." Neno hilo la kuvumilia lilinichoma. Sikumzaa aje kunivumilia mimi.

Wewe ungefanyaje? Ungemaliza chai yako kwanza, najua. Mimi yangu imeshapoa tena.

Niliacha kuandika. Bodaboda ilisimama nje, akashuka Baba Habiba.

Amekaa sasa kwenye kivuli cha zizi, anafuta vumbi kwenye viatu. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho la mfukoni. Nimeisoma hapa ndani. Majina ni mawili, Mama. Langu limeandikwa lote, pamoja na la baba. Nilimuuliza walisemaje ofisini. Akasema karani alitaka kujua kwa nini anamwongeza mkewe, naye akamwambia ukweli: "Hataki kufungua nyumba." Karani ni mtu wa kwetu. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini, kisha akaandika.

Nimeshinda, basi. Ilifaa nitoke nje nimchemshie chai na tucheke wote. Badala yake nimekaa humu nalia, na wala si kwa furaha, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Sasa najua. Karatasi nilikuwa naitaka, Wallahi niliitaka, na bado naitaka. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuiambia hata nafsi yangu. Nilikuwa natumaini akatae. Angekataa ningebaki, na watu wote wangesema nilibaki kwa haki. Ningeendelea kutoka kila Ijumaa asubuhi, hatua chache tu, nikakusomea Fatiha, nikang'oa magugu pembeni mwa kaburi lako, nikakupa habari za Habiba. Mafuriko yale mawili nilikimbilia kaburini kwako kabla ya kukimbilia unga. Mkweo ameniondolea kisingizio changu chote kwa karatasi moja, na hajui alichofanya.

Lori linarudi kesho. Nitaanza kufungua nikiweka kalamu chini, nyasi kwanza, kama ulivyonionyesha, na hakuna atakayenigusia kamba. Miti nitaenda nayo, yote, hata ile iliyoliwa na mchwa. Kule Garsen nyuma ya ile nyumba ya simiti kuna nafasi, na karatasi inasema nusu ni yangu.

Mama, kila kitu chetu tangu zamani ulinifundisha kukifungua, kukipakia na kukijenga upya mbele ya safari. Umebaki wewe tu. Wewe siwezi kukufungua nikakupakia, na naondoka hivyo hivyo. Nisamehe.

Mimi mwanao uliyempiga kofi la mkono.