Mdudu Hakuwahi Kuishi Milimani

Mwaka umekatika, Baba, tangu uiache miwani yako juu ya daftari. Tulitaka leo tukuandikie kwa upole. Tumeshindwa. Orodha mpya ya wadudu wa mkoa imetoka, na kosa ulilohangaika nalo miaka tisa limo vilevile.

Wanaosoma wajue ulikuwa mtunza wadudu wa makumbusho. Mdudu wako ni yule wa miguu mirefu anayeparamia kuta za bafuni, watu wakampiga kandambili wakidhani ni mbu mkubwa. Kwetu hakuna aliyethubutu. Ulimfunika kwa glasi, ukamtoa nje polepole. "Huyu haumi mtu," ulitwambia. "Mwacheni aende zake."

Orodha ilisema aina yake moja huishi milimani. Wewe ulifungua sanduku la zamani na barua iliyokuja nalo, ukaona wadudu sita waliokaushwa mle walinaswa kwenye kinamasi cha bondeni. Aliyewapokea makumbusho alinakili mji wa muhuri wa posta, ulioko milimani, basi. Ukapanda milimani misimu minne na goti lako bovu, ukarudi na wavu mtupu. Bondeni uliwapata asubuhi ya kwanza, na siku hiyo ulituimbia jikoni.

Uliandika barua kumi na moja. Mkubwa wako alikujibu mara moja tu, tena kwenye ngazi: "Mzee, kwa mdudu mmoja unatusumbua hivi?" Hukula siku hiyo. Ulimwambia Mama, "Mimi nataka tu waandike anapoishi."

Sasa, pembeni ya kosa lilelile, wameandika kwamba wewe ndiye uliyelithibitisha. Wamengoja ufe ndipo wakusemee uongo. Tumekasirika, na hatuoni haya kusema.

Jumatatu bintiyo alikwenda ofisini makumbusho na daftari lako. Karani akamwambia aache barua, itashughulikiwa. "Kumi na moja mnazo," akamjibu. "Nipe kiti." Kesho yake Mama akaenda naye, amebeba sweta anayoifuma. Siku ya tatu mkubwa alitoka, akakata jina lako kwenye orodha kwa kalamu mbele yao. Mdudu akamwacha hukohuko milimani.

Mama aliitazama karatasi. "Bado," akasema, akaketi tena.

Tunaokukumbuka: mkeo; bintiyo mshonaji; mwanao fundi bomba, anayetuletea chai; na wajukuu wako, ambao hadi leo hawaui mdudu bafuni. Tunakuandikia haya kwenye benchi la ofisi hiyo. Hatutakusahau, Baba, na hapa hatuondoki.