Shaba Iliyobaki Katikati

3 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Shangazi miguu imepungua kuuma? Sisi wazima, ila baba ana mafua, akipiga chafya kuku wanatawanyika.

Nimekwama. Maonyesho ya sayansi ni tarehe 28 na bodi ya kengele yangu, ile inayolia tangi la maji likijaa, haitoki. Nikiizamisha kwenye dawa ya kuondoa shaba isiyotakiwa, pembeni shaba inaliwa mpaka njia za umeme zinakatika, huku katikati yanabaki madoa kama ramani. Bodi nne zimekufa, na nimefuata kila kitu. Wewe ndiye fundi wa ukoo, nisaidie.

Kaka yako

7 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri, anawasalimu. Mpe mjomba pole.

Unasema umefuata kila kitu. Kilichoandikwa wapi? Daftari langu la buluu, lenye mchoro wa kengele hiyo, lilipotea siku uliyoondoka hapa likizo. Nililitafuta chini ya kitanda mara tatu. Mama akanigombeza kwamba sijui kutunza vitu. Kisha nikasikia umechaguliwa kwa kengele ya tangi. Hapa shuleni nilisimama mbele ya darasa bila mchoro, wakacheka.

Mwambie mwalimu wako kazi hiyo ni ya nani. Ndipo nitakuambia kwa nini shaba inabaki.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Baba kapona.

Acha kununa bwana, utazeeka mapema. Mwalimu nimeshamwambia, amecheka tu, akasema ndugu kusaidiana ni vizuri. Yameisha. Sasa sema haraka, nimebakiwa na bodi moja.

Kaka yako

22 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi mjomba amepona.

Madoa ya katikati ni vidole vyako. Mafuta ya ngozi yakikauka juu ya shaba, dawa haipiti. Kabla ya kuchora, isugue bodi kwa sabuni na waya laini wa kusugulia sufuria, kisha ishike kwa kingo tu. Vaa glavu, fungua madirisha. Weka trei ya dawa ndani ya beseni la maji ya moto, na uitikise polepole bila kuacha hata dakika moja. Ikitulia, pembeni huliwa kwanza, na wewe ukisubiri katikati, njia zinakatika.

Hayo hayamo kwenye daftari. Sikuwahi kuyaandika, mikono yangu iliyajua. Kila bodi iliyokuharibikia nimeifurahia, sitakuficha.

Usishangae bahasha kukufikia ikiwa imefunguliwa. Juu yake nimeandika jina la mwalimu wako, nikamwomba aisome kwanza ndipo akupe, pamoja na barua zako mbili nilizoziambatisha. Kama kweli ulimwambia, hatakuta jipya humu.

Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako