Mapipa ya Lubunga ambayo sikuyahesabu

Jumanne. Mvua imenyesha hapa mtaani Makiso tangu asubuhi, na mimi nimedanganya darasa zima.

Nilikuwa nafundisha namna ya kutabiri kampuni itakayofilisika. Si uganga. Unachukua mali inayoweza kugeuka pesa haraka, unaigawa kwa madeni ya karibuni. Unachukua faida, unaigawa kwa mali yote. Kila jibu unalipatia uzito wake, kisha unajumlisha. Jumla ikianguka chini ya mstari, kampuni hiyo ni mgonjwa wa kufa. Mwanafunzi mmoja wa mbele akauliza, "Prof, hii calcul inakoseaka?"

Nikajibu haraka: hapana, hesabu hii haikosei.

Wakati wa uasi, mji ukiwa mikononi mwa waasi na meli za Kinshasa zimekoma, nilikuwa mhasibu kijana wa kiwanda kidogo cha sabuni cha Papa Musa. Kanuni hiyo nilikuwa nimetoka nayo shuleni ikiwa bado mbichi, na mkono ulikuwa ukiniwasha kuijaribu. Nikaijaribu kwa tajiri wangu mwenyewe. Tukaanguka chini ya mstari, chini kabisa.

Nilijua hesabu ina tundu. Papa Musa alikuwa akiwapa akina mama wa Lubunga, ng'ambo ya mto, sabuni na chumvi mapema, nao wakimlipa mafuta ya mawese baadaye. Hakuna aliyeandika. Kwake, neno la mtu lilitosha. Nami nilikuwa nimevuka mto kwa pirogi nikayaona mapipa ya mafuta hayo kwa macho yangu, yamejaa, yanangoja tu njia itulie. Lakini hayakuwa na karatasi, na mimi nilikuwa msomi.

Nikaandika sifuri.

Hata hilo lingesameheka kama ningempelekea tajiri wangu peke yake. Nilimwonyesha kwanza tonton Anselme, mdogo wa baba yangu, aliyekuwa akituuzia soda ya kupikia sabuni kwa mkopo. Nilijiambia namlinda ndugu. Uongo. Nilitaka anione nina akili. Papa Musa nilimwonyesha baadaye, bila kumwambia nani ametangulia kuiona.

Kesho yake tonton alidai pesa zake zote. Wiki haijaisha, wauzaji wengine nao walikuwa mlangoni. Bila soda hakuna sabuni. Moto ukazimwa, wafanyakazi wakarudi kwao, mlango ukatiwa kufuli.

Mwezi uliofuata akina mama wa Lubunga walivuka na mafuta. Yote. Hakuna hata mmoja aliyevunja neno lake. Walisimama mbele ya lile kufuli wakaniuliza mimi wayaweke wapi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Leo baada ya darasa nilikutana na Papa Musa barabarani, mzee sasa, amepakiwa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, na mwavuli wake uliovunjika. Alimsimamisha mwenye baiskeli ili anisifu mbele yake, kama afanyavyo kila tukikutana: "Huyu mutoto iko na akili sana. Watu yote hawakuona kitu, yeye peke alionaka kama tutaanguka. Bon, ni vita ndiyo ilituua."

Nikacheka naye. Ndiyo, nilicheka.

Nimerudi nyumbani nimelowa, nikaketi mezani kufanya nilichokikwepa miaka yote hii. Nimepiga hesabu ile ile upya, safari hii mapipa yakiwa ndani.

Tunapita mstari. Si kwa mbali, lakini tunapita.

Naona aibu, na naogopa. Huenda mzee asinipe mkono tena, na atakuwa na haki. Wanafunzi nao wanangoja jibu la kweli, lakini watangoja kidogo. Asubuhi nitaipeleka karatasi hii kwa Papa Musa, na haya niliyoandika hapa sitayaweka mtandaoni kabla hajayasikia kwa mdomo wangu.

Mara ile nilimwonyesha mtu mwingine kwanza.